Kusoma "by" kwenye karatasi: mwongozo kwa mkazi wa Busanza

Ukipata nyumba ya kupanga Busanza, Kigali, kupitia dalali, ambaye huku huitwa komisiyoneri, jiandae kuletewa mkataba wa Kiingereza, au wa Kinyarwanda na Kiingereza bega kwa bega. Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, ikaamua mwaka 2008 kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na mwaka 2009 ikajiunga na Jumuiya ya Madola. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, lakini mkataba wa Kiswahili bado ni nadra. Kwa hiyo mtu aliyetoka Bukavu, Kigoma au Bujumbura, Kiswahili chake kikiwa safi kabisa, anakaa mezani na kutia saini lugha ambayo anaielewa nusu.

Maneno magumu ya mkataba hayana hatari kubwa, kwa sababu kila mtu huyauliza. Hakuna anayeona haya kusema, "Hili neno refu maana yake nini?" Hatari iko kwenye maneno mafupi ambayo kila mtu anadhani anayajua. Moja la kuangaliwa kwa makini ni "by". Herufi zake ni mbili tu, lakini ndilo linaloamua nani analipa, lini, kwa njia gani, na kiasi kinapanda au kushuka kwa faranga ngapi.

Wengi tulifundishwa darasani kwamba "by" ni "na". Barua iliandikwa na mwalimu, mlango ulifunguliwa na mlinzi. Si kosa, ila ni maana moja kati ya nyingi. Ukiibeba hiyo moja kila mahali, siku moja utasoma "by Friday" ukadhani Ijumaa ndiyo inayofanya kazi.

Kanuni moja: tazama kinachofuata

"By" likiwa peke yake halikuambii kitu. Maana yake iko kwenye neno linalolifuata, kwa hiyo usilitafsiri kabla hujaangalia mkono wake wa kulia.

KISANDUKU: "By" inafuatwa na nini?

- Mtu, ofisi au kampuni: soma na. Huyo ndiye mtendaji.
- Tarehe, siku au saa: soma isipite. Huo ndio mwisho.
- Pesa au asilimia, baada ya kitenzi cha kupanda au kushuka: soma kwa kiasi cha. Hiyo ni tofauti, si jumla.
- Namba baada ya namba, kama "15 by 20": soma kwa. Ni upana na urefu.
- Njia au chombo bila "the", kama "by bus", "by hand", "by MoMo": soma kwa.
- Mahali penye "the", kama "by the road": soma kando ya.
- Kipimo chenye "the", kama "by the day", "by the kilo": soma kwa kila.
- Kitenzi chenye -ing, kama "by signing": soma kwa ku-, yaani kwa kufanya jambo hilo.

Nakili kisanduku hiki kwenye simu yako. Kinakidhi karibu karatasi zote za kawaida: mkataba wa nyumba, tangazo la kazi, fomu ya shule, risiti ya duka la vifaa vya ujenzi.

Kifungu kimoja, "by" tano

Chukua kifungu cha aina hii, ambacho mtu yeyote anayepanga anaweza kukutana nacho:

"The rent shall be paid by the Lessee by bank transfer by the 5th day of each month. Any amount not paid by that date shall be increased by 5%."

Kifanyie kazi hivi, na kalamu mkononi:

1. Zungushia duara kila "by". Usisome maana kwanza. Hesabu tu. Hapa ziko tano.

2. Pigia mstari kinachofuata kila moja. Utapata: the Lessee, bank transfer, the 5th day, that date, 5%. Mtu, njia, tarehe, tarehe, asilimia.

3. Andika Kiswahili pembeni. Kodi italipwa *na* mpangaji, *kwa* njia ya benki, *isipite* tarehe 5 ya kila mwezi. Kiasi ambacho hakijalipwa *kufikia* tarehe hiyo kitaongezwa *kwa* asilimia 5.

4. Hakikisha mtendaji ni nani hasa. "Lessee" na "Lessor" hutofautiana kwa herufi mbili za mwisho, na mwisho huo ndio mfuko wa nani. Anayeishia na -ee ndiye anayepokea nyumba, yaani wewe mpangaji. Anayeishia na -or ndiye anayetoa, yaani mwenye nyumba. Ukisahau, kumbuka "employee", mwajiriwa, naye ana -ee.

5. Piga hesabu kwa faranga. Kodi ikiwa 200,000 na unalipa tarehe 6, asilimia 5 ni 10,000, kwa hiyo unadaiwa 210,000. Andika namba hiyo pembeni, maana asilimia haitishi kama pesa.

Mkataba ukianza na "made by and between", hiyo ni "baina ya" tu. Pita.

"By" na "to": hapa ndipo pesa hupotelea

Ukiwa na dakika moja tu ya kusoma mkataba, itumie kutafuta mahali ambapo "by" na "to" zinaweza kubadilishana nafasi. Kifungu chenye "by" na chenye "to" vinafanana machoni, lakini mfukoni ni mashariki na magharibi.

Tuseme uliweka amana ya faranga 200,000, au garanti kama wanavyosema wenzetu wa Goma. Unahama, na mwenye nyumba anaandika kwamba amana "has been reduced by 50,000" kwa sababu ya dirisha lililovunjika. Utarudishiwa 150,000. Akiandika "has been reduced to 50,000", utarudishiwa 50,000. Tofauti ni laki moja, na imebebwa na kijineno kimoja ambacho hata mwandishi mwenyewe huenda alikiandika bila kufikiri.

"By" inakupa umbali uliosafiriwa, na "to" inakupa mahali pa kufika. Kodi "increased by 20,000" kutoka 200,000 inafika 220,000. "Increased to 220,000" inafika hapo hapo, ila sentensi imekutajia mwisho wenyewe. Ukiandika mkataba wewe, nashauri uweke vyote viwili: "increased by 20,000 to 220,000". Hapo hakuna wa kubishana naye.

Kwenye vifungu vya nani analipa, mchezo ni huo huo. "Paid by the Lessor" maana yake mwenye nyumba anatoa pesa. "Paid to the Lessor" maana yake mwenye nyumba anapokea pesa, na anayetoa ni wewe. Vifungu vya maji, takataka na ulinzi ndivyo vya kuangalia. Umeme hauna ubishi mwingi kwa sababu wa kulipia kabla unajionyesha wenyewe: pesa ikiisha, giza. Bili ya maji huja baadaye, na ndiyo inayogombanisha watu.

TAHADHARI: Mkataba ukiwa kwa lugha mbili, tafuta mstari unaosema toleo la lugha gani ndilo lenye nguvu pakitokea tofauti. Ikiwa ni Kiingereza, basi hata Kinyarwanda chake kikisema vizuri, "by" ya upande wa pili ndiyo itakayosomwa.

Tarehe: kwa nini "mpaka" inatuponza

Kiswahili chetu kina neno "mpaka", pia "hadi", linalofanya kazi mbili. Tunasema "Ofisi iko wazi mpaka Ijumaa", na tunasema pia "Niletee fomu mpaka Ijumaa". Kiingereza hakikubali. La kwanza ni jambo linaloendelea bila kukatika, na lake ni "until". La pili ni tendo la mara moja ambalo lazima liwe limekwisha siku fulani, na lake ni "by". Aliyesoma kwa Kifaransa naye ana mtego wake, kwa sababu "jusqu'à" huweza kumvuta kule kule.

Matokeo yake ni ujumbe kama "I will pay until Friday". Mwenye nyumba Mwingereza au Mkenya akiusoma, anaelewa kwamba utakuwa unalipa kila siku mpaka Ijumaa, kisha utaacha. Ulichotaka kusema ni "I will pay by Friday".

Wenyeji wana neno zuri kuliko letu kwa jambo hili: *bitarenze*, yaani isizidi. Utalisikia kwenye matangazo ya umudugudu, yaani kijiji, na ya shule, likifuatwa na tarehe. Ukilijua hilo, umeijua "by" ya tarehe. "By 30 June" ni *bitarenze* tarehe 30 Juni: tarehe 30 yenyewe imo ndani. Ndiyo maana sipendi tafsiri ya "kabla ya". Kabla ya tarehe 30 ni tarehe 29. Anayetafsiri hivyo hapotezi pesa, lakini anajinyima siku moja, na siku moja mwishoni mwa mwezi si kidogo.

Kabla hujaiamini tarehe yoyote yenye "by", pitia mambo haya:

1. Saa ni ya wapi? Kigali iko nyuma ya Nairobi, Dar es Salaam na Arusha kwa saa moja. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako Arusha. Tangazo la kazi likisema "by 5:00 p.m. EAT", mwisho ni saa kumi na moja jioni ya Arusha, ambayo Busanza ni saa kumi. Mtu anayebonyeza kitufe cha kutuma saa kumi na nusu kwa saa ya Kigali amechelewa nusu saa, hata kama jua bado linawaka.

2. Umebadilisha namba ya saa? Kiswahili na Kinyarwanda vyote vinahesabu saa kuanzia mapambazuko, kwa hiyo "by 8 a.m." ni saa mbili asubuhi. Andika saa kwa Kiswahili pembeni ya tangazo, kwa maneno, si kwa tarakimu.

3. Kuna "12" mahali? "By 12 a.m. on 30 June" ni usiku wa kuamkia tarehe 30, siku hiyo ikianza. Waandishi wengi hukusudia usiku wa mwisho wa tarehe 30, lakini kompyuta ya kupokea maombi haisomi makusudio. Ukiona "12 a.m.", chukulia mwisho wako ni jioni ya tarehe 29.

4. Tarehe inaangukia Jumamosi ya mwisho wa mwezi? Hiyo ni siku ya umuganda. Asubuhi shughuli husimama na maduka hufungwa wakati watu wako kwenye kazi ya pamoja. Maliza Ijumaa.

5. Imeandikwa "by close of business"? Ni mwisho wa saa za kazi za ofisi hiyo, si usiku wa manane. Uliza wanafunga saa ngapi.

Usichanganye pia "by" na "within". "By the 5th" haijali karatasi ulipewa lini. "Within 5 days" inaanza kuhesabiwa tangu tukio fulani, na karatasi nzuri hutaja tukio hilo: kupokea barua, kusaini, kukabidhiwa funguo. Isipotaja, omba itaje.

Kiwanja: "15 by 20" ya nini?

Busanza bado inajengwa, na mazungumzo ya viwanja hayakosekani. Mtu akikuambia kiwanja ni "15 by 20", amekuambia namba mbili na kukuficha kipimo. Kwa mita, hiyo ni mita za mraba 300. Kwa futi, ni mita za mraba 28 hivi, chumba kimoja kikubwa.

Sisemi kwamba kuna anayeuza viwanja kwa futi Kigali. Lakini Mkenya au Mganda anayetafuta kiwanja huku amezoea "fifty by a hundred" ya kwao, ambayo ni futi, na ambayo ni kama mita za mraba 465. Wawili hao wakizungumza kwa simu, kila mmoja na kipimo chake kichwani, watakubaliana bei ya viwanja viwili tofauti.

Dawa ni rahisi. Usinunue "by". Hati ya ardhi ya Rwanda huonyesha ukubwa kwa mita za mraba, na kila kiwanja kina namba yake ya utambulisho, UPI. Omba namba hiyo, linganisha ukubwa ulioandikwa na ulioambiwa.

Kwa fundi mambo ni tofauti: mbao ya "two by four", mbili kwa nne, ni inchi kila mahali. Hapo usimsumbue.

Sehemu za saini: "Received by"

Chini ya karatasi za mizigo kuna mistari mitupu: "Prepared by", "Delivered by", "Checked by", "Received by". Zote ni "na": imeandaliwa na, imeletwa na, imekaguliwa na, imepokelewa na. Lori la simenti linapofika na dereva ana haraka, atakunyooshea kalamu kwenye "Received by". Saini yako hapo inasema umepokea *vyote* vilivyoandikwa juu.

Kwa hiyo hesabu mifuko kwanza. Ikipungua, andika idadi uliyopokea kando ya saini yako, kwa tarakimu na kwa maneno, kisha piga picha. Na "Checked by" usiiguse kama hujakagua.

Kwenye simu kuna dada yake: "By proceeding, you accept the terms". Hii ni "by" ya kitenzi chenye -ing. Kwa kuendelea tu, umekubali. Hakuna saini, hakuna shahidi. Kidole chako kimetosha.

"The" inapoingia kati

"By bus" ni kwa basi. "By the bus" ni kando ya basi. Ukimwandikia mtu "I will come by the bus", atakutafuta umesimama karibu na gari.

Matangazo ya nyumba yanapenda sana "by the": by the main road, by the airport. Kando ya, karibu na, umbali hausemwi. Busanza iko Kanombe, jirani na uwanja wa ndege, kwa hiyo "by the airport" inaweza kuwa kweli na bado isikusaidie kitu. Uliza ni dakika ngapi kwa miguu, na nenda usikilize ndege zikipita kabla hujalipa. Na "on foot" haitumii "by". Usinikumbushe mara ngapi nimesoma "by foot".

"Paid by the day" ni kulipwa kwa kila siku iliyofanyiwa kazi. Kibarua anayesaini hapo ajue kwamba siku ya mvua isiyo na kazi huenda isiwe na malipo. Hii ni tofauti kabisa na "paid by Friday".

Makosa ya kawaida

- *Kuandika "by" badala ya "buy".* Sauti ni moja, na kwenye WhatsApp hutokea kila siku. "I want to by the house" inasomeka kama mtu anayetaka kusimama kando ya nyumba. Kununua ni "buy". Kwaheri ni "bye".
- *Kusema "cut by a knife" kwa sababu Kiswahili kinasema "kwa kisu".* Mtendaji huchukua "by", kifaa huchukua "with". Nyaya zilikatwa "by the fundi", "with pliers".
- *Kutafsiri vitenzi vipande vipande.* "Drop by" si kuangusha. Ni kupitia mahali kidogo. "Stop by" vivyo hivyo. "Stand by" ni kukaa tayari ukingoja.
- *Kumchanganya mtoto kwenye hesabu.* "Divide 20 by 4" ni gawanya 20 kwa 4, jibu 5. "By" hutangulia kigawanyo. Ukimsaidia mwanao kazi ya nyumbani, mwambie aweke kidole kwenye namba iliyo baada ya "by". Hiyo ndiyo ya kugawia.
- *Kudhani "by-law" ina uhusiano na haya yote.* Ni sheria ndogo ya chama au ya manispaa. Inadhaniwa kwamba "by" yake ilitoka kwenye neno la kale la watu wa kaskazini ya Ulaya lililomaanisha mji, lile lile lililobaki mwishoni mwa majina ya miji ya Uingereza kama Derby na Grimsby.

Orodha ya kukagua kabla ya kusaini

☐ Nimezungushia duara kila "by".
☐ Kila "by" ina Kiswahili chake pembeni.
☐ Najua nani ni Lessor na nani ni Lessee.
☐ Nimetafuta mahali pa kubadilishana "by" na "to".
☐ Kila asilimia nimeigeuza faranga.
☐ Kila tarehe ina saa, na saa hiyo ni ya Kigali.
☐ Kila "namba by namba" ina kipimo kilichoandikwa.
☐ Nimehesabu mzigo kabla ya "Received by".

Ujumbe wa kutuma ukiwa na shaka

Usiulize kwa mdomo tu. Tuma swali kwa maandishi, kwa Kiingereza chepesi, ili jibu nalo liwe la maandishi. Nakili unaokufaa:

1. "Does 'by the 5th' include the 5th?" Je, tarehe 5 imo?
2. "Who pays for water, you or me?" Nani analipa maji, wewe au mimi? Hapa nimeikwepa "by" makusudi.
3. "What will be the new rent, in francs?" Kodi mpya itakuwa faranga ngapi?
4. "Is 15 by 20 in metres? Please send the UPI." Je, ni kwa mita? Nitumie UPI.

Mwenye nyumba akipiga simu badala ya kuandika, msikilize kwa adabu, kisha umtumie ulichoelewa: "As you told me on the phone, the 5th is included." Akijibu hata kwa "ok", piga picha ya skrini na uihifadhi pamoja na nakala ya mkataba.